Zana za akili unde kwenye maktaba ya chuo: mwongozo kamili kwa wakutubi wa Nyanda za Juu Kusini

Wanafunzi wameshatangulia. Ingia steshenari yoyote iliyo karibu na geti la chuo, iwe Mbeya au Iringa, utamkuta mtu anachapa pendekezo lake la utafiti huku ChatGPT iko wazi pembeni, na mwenye steshenari ndiye anayemwelekeza aulize nini. Simlaumu mwenye steshenari, ila kazi anayoifanya ni ya mkutubi. Tangu programu hiyo itolewe Novemba 2022, maktaba nyingi zimekaa zikijadili kama ziruhusu au zikataze. Mjadala huo umepitwa na wakati. Tunachotakiwa kujua sasa ni zana ipi inafaa, inachota wapi majibu yake, na nini hakimo humo inamochota.

Nimeandika nikifikiria maktaba yenye wakutubi wachache, kompyuta za kuhesabika na intaneti inayolegea mchana. Kama maktaba yako ina zaidi ya hapo, shukuru Mungu, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Sikiliza dawati kabla ya kufungua pochi

Weka daftari la kawaida kwenye dawati la huduma. Kwa wiki mbili, kila mkutubi wa zamu aandike swali kama lilivyoulizwa, bila jina la muulizaji. Msilisafishe. "Nataka makala za parachichi za Rungwe, zisiwe za zamani" inakufundisha mengi kuliko "mteja alihitaji msaada wa kutafuta machapisho".

Ukiyagawa maswali hayo mafungu mafungu, utagundua kwamba mengi hayahitaji akili unde hata kidogo. Msomaji ameiona makala, imemdai dola, amekwama. Huyo dawa yake ni Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kulipia: Hinari kwa afya, AGORA kwa kilimo, OARE kwa mazingira, ARDI kwa teknolojia na GOALI kwa sheria. Tanzania iko kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zikijisajili zinasoma bila malipo. Mwingine anatafuta majarida ya Afrika, mpeleke AJOL (African Journals Online). Kama wanafunzi hawazijui huduma hizi, ukiwaletea zana mpya utakuwa umewaongezea njia za kuziona makala wasizoweza kuzifungua.

Fungu linalobaki ndilo la kazi yetu: mwanafunzi hajui aanzie wapi, hajui maneno ya kitaalamu ya mada yake, ana makala moja aliyopewa na msimamizi na anataka ndugu zake, au ana makala thelathini na hajui zinatofautiana wapi.

Hatua ya 2: Jua kila zana inachota wapi

Zana hizi zinafanana sura. Zote zina kisanduku cha kuandikia swali, na majibu yake yamenyooka kama hotuba. Tofauti iko nyuma ya kisanduku.

Programu za mazungumzo kama ChatGPT, Gemini na Claude zimefunzwa kutabiri maneno yanayofuatana. Zikijibu bila kutafuta popote, rejea zinazotoa ni maneno yenye umbo la rejea: jina, mwaka, jarida, kurasa. Huenda ni ya kweli, huenda hakuna kitu. Zikiwashiwa utafutaji wa mtandaoni zinaboreka, lakini hapo zinachota popote, kuanzia jarida la kisayansi mpaka tangazo la muuza mbegu.

Kundi la pili ni zana za kutafuta machapisho: Semantic Scholar, iliyoanzishwa mwaka 2015 na taasisi ya Allen ya huko Seattle, pamoja na Elicit na Consensus. Hizi hutafuta kwanza kwenye hazina ya machapisho, kisha ndipo zinafupisha kilichopatikana. Semantic Scholar ina kumbukumbu za machapisho zaidi ya milioni 200 na ni ya bure. Elicit na Consensus nazo zimeitegemea sana hazina hiyohiyo, kwa hiyo usidhani ukilipia zote mbili umepata visima viwili. Kumbuka pia kwamba makala ikiwa imefungwa kwa malipo, mara nyingi zana imesoma ikisiri (muhtasari wa mwanzo) tu. Jibu linaloanza na "utafiti huu ulionesha" linaweza kuwa limetoka kwenye sentensi mbili za ikisiri, na masharti yote yaliyo kwenye sura ya mbinu za utafiti yamebaki nje.

Connected Papers, Litmaps na ResearchRabbit huchora ramani: unaipa makala moja, inakuonesha nyingine zinazohusiana nayo kupitia rejea. Yule mwenye makala moja ya msimamizi, mwanzishie hapa.

NotebookLM ya Google yenyewe inasoma nyaraka ulizoipa, na jibu linakuonesha sehemu ya waraka lilikotoka. Kwa maktaba za huku hii ndiyo ninayoipa uzito mkubwa kuliko zote, kwa sababu udhaifu wetu ni kwamba machapisho yetu hayamo kwenye hazina kubwa. Ukiwa na ripoti mkononi, huhitaji kuomba Seattle iwe inayo.

Zimebaki zile zilizofungwa ndani ya hifadhidata za kulipia, kama Scopus AI. Kama chuo hakilipii hifadhidata yenyewe, ruka aya hii.

Sasa andika upande wa pili wa karatasi: nini hakimo. Ripoti za majaribio ya shambani za TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo, Mbeya) ambazo hazikuwahi kuchapishwa jaridani. Tasnifu zilizo kwenye rafu zako mwenyewe. Mipango ya halmashauri. Sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa kilimo akiuliza kuhusu maharage ya Nyanda za Juu, zana itamjibu kwa ufasaha kutoka kwenye makala za Kenya, Uganda na Malawi, wala haitamwambia kwamba ripoti nzuri kuliko zote iko kilomita chache kutoka alipokaa.

Hatua ya 3: Zijaribu kwa maswali ambayo majibu yake unayo

Hapa ndipo utumie muda. Usijaribu zana kwa swali usilolijua jibu, maana utaishia kuvutiwa na lugha yake.

Swali ninalolipenda ni la kipunji, kima wa misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo. Alitangazwa kisayansi mwaka 2005 kwa jina la Lophocebus kipunji. Mwaka 2006 akahamishiwa jenasi mpya iliyopewa jina la mlima wetu, akawa Rungwecebus kipunji. Anapatikana pia msitu wa Ndundulu, kule Udzungwa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kima 1,117. Iulize zana: "Kipunji anaishi wapi, wako wangapi, na jina lake la kisayansi ni lipi?" Kisha angalia. Zana iliyong'ang'ania jina la 2005 itakuwa imekosa takribani kila kilichoandikwa baadaye. Iliyotaja Rungwe ikasahau Ndundulu imesoma upande mmoja. Iliyotoa 1,117 kama idadi ya leo, bila kutaja mwaka wa hesabu, ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu rejea yake ni ya kweli na mwanafunzi akiikagua ataikuta.

Kwa historia, uliza kuhusu fuvu la Mtwa Mkwawa. Vita vya Lugalo ni 1891, Kalenga ilianguka 1894, Mkwawa alifariki 1898, fuvu likaandikwa kwenye ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudishwa Uhehe mwaka 1954. Ni tarehe tano zinazofuatana, na zana dhaifu huziunganisha vibaya: inaweza kusema fuvu lilirudishwa mara baada ya mkataba, kwa kuwa mkataba ndio ulioagiza hivyo. Wanafunzi wa historia wa chuo cha Mkwawa, Iringa, na kwingineko watakushukuru kwa jaribio hili, na wazee wa Kalenga wasingekubali jibu la ovyo.

Jaribu na makala iliyofutwa, yaani jarida lenyewe limeitangaza kuwa haifai kutegemewa. Inayojulikana kuliko zote ni ile ya mwaka 1998 kwenye jarida la The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Ilifutwa rasmi mwaka 2010. Zana ikiitaja bila kusema imefutwa, iandikie alama nyekundu. Hapohapo wafundishe wasomaji Zotero, programu ya kutunza rejea, ambayo ni ya bure na hutoa onyo makala iliyofutwa ikiingia kwenye maktaba yako.

Kisha uliza swali moja kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mfano kuhusu aina ya maharage ya Njano Uyole. Linganisha rejea, usilinganishe ufasaha. Mara nyingi Kiswahili kitakuletea rejea chache kwa sababu hazina yenyewe imejaa Kiingereza. Hilo lisikufanye uwakataze wanafunzi Kiswahili. Waambie waelewe mada kwa Kiswahili, watafute kwa lugha zote mbili.

Kwa kila jibu jaza mambo manne: rejea ipo? inasema kweli kile zana ilichodai? ni ya lini? imefutwa au la? Wakutubi wawili wajaribu kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe.

Hatua ya 4: Jifunze kukagua rejea mbele ya msomaji

Itatokea hivi. Binti wa mwaka wa tatu anafika dawatini na simu.

"Shikamoo dada. Hii makala nimeitafuta siku nzima haifunguki."

"Marahaba. Una namba ya DOI?"

Anayo. Namba hiyo hutambulisha makala moja tu mtandaoni, kwa hiyo mnaibandika baada ya anwani ya doi.org/, na inafunguka makala ya magonjwa ya samaki, wakati yeye alikuwa anatafuta viazi mviringo vya Njombe. Usimcheke. Chukua kichwa cha makala, kiweke kwenye alama za kunukuu, kitafute Crossref (daftari la machapisho yenye DOI) na Google Scholar. Hakipo? Fungua ukurasa wa jarida lenyewe, nenda juzuu na toleo lililotajwa, tazama kurasa. Kama jarida lipo, mwandishi yupo, lakini kurasa hizo zina makala ya mtu mwingine, rejea hiyo ni ya kubuni. Sasa tafuta mwandishi huyo amewahi kuandika nini hasa kuhusu viazi. Mara nyingine mzuka wa rejea unakupeleka kwenye makala halisi iliyo karibu nayo.

Kazi yote haizidi dakika kumi, na ndiyo huduma ambayo steshenari haiwezi kuitoa. Wakumbushe wanasheria watarajiwa kwamba mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Wanafunzi wa sheria hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Hatua ya 5: Nini kisipakiwe

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inagusa pia taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Seva za zana hizi ziko nje. Kwa hiyo usaili wa wakulima wenye majina na namba za simu, majalada ya wagonjwa na orodha za matokeo ya wanafunzi havipakiwi. Kwa vyuo vya afya hili lisemwe kwa sauti kubwa, kwa sababu mwanafunzi aliyechoka usiku atapakia chochote ili apate jedwali. Kufuta jina peke yake hakutoshi: "mama wa miaka 34, mwalimu, kijiji fulani, mapacha watatu" anajulikana na kijiji kizima.

Upande wa makala, soma masharti ya leseni. Wachapishaji wengi wameweka vifungu kuhusu kupakia makala zao kwenye mifumo ya akili unde, na Research4Life hairuhusu kupakua kwa mkupuo. Chuo kizima kinaweza kufungiwa kwa ajili ya mtu mmoja. Makala zenye leseni huria hazina shida hiyo, anza nazo.

Hatua ya 6: Pesa, bando na umeme

Anzeni na za bure kwa muhula mzima. Zana nyingi zinalipiwa kwa kadi, kwa dola, mwezi kwa mwezi, na ununuzi wa umma haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Chuo cha umma kitapitia taratibu za NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao; ongea na afisa ununuzi na mhasibu kabla ya kumwahidi mhadhiri yeyote. Kama mnataka leseni ya taasisi, ulizeni kwanza kupitia COTUL, muungano wa maktaba za vyuo na utafiti, kwani maktaba nyingi zikiongea kwa pamoja bei hubadilika. Msinunue akaunti ya mtu mmoja ikazungushwa nywila ofisi nzima. Inavunja masharti, na historia ya maswali ya kila mtu inaonekana na wote.

Bando: maswali na majibu ya maandishi hayali data nyingi, makala za PDF ndizo zinazokula. Siku ya mafunzo zipakue mapema, ziweke kwenye flashi. Chapisha pia majibu ya mfano, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kipindi, somo la kukagua rejea linaendelea kwa karatasi na kalamu.

Hatua ya 7: Utaratibu wa ukurasa mmoja

Nimeona miongozo ya kurasa thelathini ambayo hakuna aliyeisoma. Andika ukurasa mmoja, upite kwenye kamati ya maktaba na ufike Seneti. Useme matumizi yapi yako huru (kutafuta, kupata maneno ya kitaalamu, kuelewa makala ngumu), yapi yatajwe kwenye tasnifu (kufupisha, kutafsiri, kurekebisha lugha), na yapi hayakubaliki (kubuni data, kuweka rejea ambayo mwanafunzi hajaifungua). Toa sentensi ya mfano ya kukiri matumizi: jina la zana, mwezi na mwaka, imetumika kwa kazi gani. Bila mfano kila mtu ataandika yake.

Kuna jambo wakuu wa idara watalidai, nalo ni kipimo cha kugundua maandishi ya akili unde. Wakatalie kwa adabu. OpenAI wenyewe waliondoa kipimo chao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo, na watafiti wa Stanford mwaka huohuo walionesha kuwa vipimo kadhaa vilizishuku zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Hao ni wanafunzi wetu. Msimamizi mwenye shaka amwite mwanafunzi, amwambie: "Nifungulie hii rejea ya nne, unioneshe waliposema hivi." Atajua ndani ya dakika tano.

Hatua ya 8: Mafunzo

Wakutubi kwanza, wakiwemo wasaidizi wa zamu ya usiku, kwa sababu usiku ndipo maswali yanapokuja. Wahadhiri wafuate, nenda kwenye kikao chao cha idara, usiwasubiri maktaba. Wanafunzi wa uzamili na wa mwaka wa mwisho baada ya hapo.

Kipindi cha wanafunzi kisizidi dakika 90. Usianze na maelezo ya akili unde ni nini. Wagawie wawili wawili karatasi yenye jibu la zana na rejea kumi, tatu kati yake za uongo, wazisake. Kelele zitakazotokea ndizo zitakazowafundisha. Wakimaliza, waoneshe njia nzima kwa mada moja ya hapa, tuseme chai ya Mufindi: maneno ya kutafutia kutoka kwenye programu ya mazungumzo, makala kutoka Semantic Scholar, ramani kutoka Connected Papers, makala nzima kutoka AGORA, rejea ndani ya Zotero, na mwisho rafu ya tasnifu iliyoko nyuma yao.

Hatua ya 9: Ingiza kazi zenu kwenye hazina

Hatua hii ndiyo inayorukwa na ndiyo ningependa isirukwe. Zana hizi hazitajua chochote kuhusu Nyanda za Juu Kusini kama sisi hatujakiweka mahali panapoonekana. Kama mna DSpace (programu ya kuhifadhi kazi za chuo mtandaoni), kagueni mambo machache. Tasnifu zilizoskaniwa kama picha hazisomeki na mashine, zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Jina la mwandishi liandikwe kwa namna moja kila mahali. Kila tasnifu iwe na ikisiri, mwaka, lugha na jina la wilaya ilikofanyika. Ikisiri ya Kiswahili na ya Kiingereza zikae pamoja. Andikisheni hazina yenu OpenDOAR, orodha ya hazina za vyuo duniani, na ombeni CORE, inayokusanya machapisho huria, ivune kumbukumbu zenu. Ongeeni na kitengo cha TEHAMA seva isizimwe wikendi, na isizuie roboti za Google Scholar. Ruhusa ya mwandishi ipatikane kwa maandishi, hasa tasnifu za zamani.

Msijaribu kumaliza rafu nzima. Anzeni na tasnifu zinazohusu mikoa yenu: mazao, misitu, historia, lugha, afya. Baada ya miezi michache uliza tena lile swali la maharage, uone kama jina la mwanafunzi wenu limetokea.

Hatua ya 10: Pima, kisha amua

Rudisha daftari dawatini muhula ukielekea mwisho. Linganisha maswali ya sasa na ya mwanzo. Hesabu rejea za uongo zilizofika dawatini, waulize wasimamizi kama marejeo ya wanafunzi yamebadilika, na uliza wakutubi wenyewe wanafungua zana ipi bila kulazimishwa. Zana ambayo hata wao hawajaigusa mwezi mzima, itoe kwenye orodha. Inayobaki na inayohitaji kulipiwa iandikie hoja ya ukurasa mmoja, ambatanisha majedwali ya jaribio la kipunji na la Mkwawa, na ifikishe kwa mkuu wa maktaba mapema. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla yake. Majaribio nayo yarudiwe kila mwaka kwa maswali yaleyale, kwa sababu zana hizi hubadilishwa bila taarifa, na iliyoshindwa mwaka huu inaweza kupita mwakani.